Koki Mbili Nyuma ya Duka

Kabla hujanicheka, najua: Hanang si nchi ya viyoyozi. Usiku tunavaa sweta, na asubuhi ya mwezi wa sita ukichelewa kuwasha moto utajuta. Lakini wewe hukukaa mchana wa mwezi wa kumi kwenye yale maduka ya shamba la ngano, chini ya bati lisilo na dari, upepo ukileta vumbi tu. Mafuta ya mgando yaligeuka maji ndani ya kopo. Wateja walinunua chumvi wakiwa wamesimama mlangoni.

Maduka yalikuwa manne, moja likiwa langu, yamebanana ukuta kwa ukuta, mali ya shamba la serikali. Mtambo wa kupoza maji uliletwa kwa ajili ya chumba cha mbegu, ukaonekana una nguvu kuliko kazi yake. Meneja akasema baridi inayobaki ipelekwe madukani. Bomba mbili zikatandazwa nyuma ya safu yetu: moja ilete maji ya baridi, nyingine iyarudishe mtamboni yakapozwe tena. Kila duka litundikiwe kiyoyozi chenye feni, maji yapite ndani yake, feni ipulize. Maji yale yale, maduka yote manne.

Fundi bomba alipokuja kupima ukuta, aliniuliza nataka changu kikae wapi. Wenzangu wote walisema juu ya kaunta, wateja waone. Mimi nilimwonyesha kona ya nyuma, juu ya kreti la mbao alimolala mwanangu. Alikuwa ndio kwanza anajifunza kukaa. Joto la bati lilimtoa vipele shingoni, nami nilikuwa nimechoka kumpepea kwa kipande cha boksi huku nikipima sukari.

"Huyu atalala kama meneja," fundi akasema, tukacheka.

Viyoyozi vilichelewa kufika. Kabla havijaja, homa ilimkamata mtoto. Zahanati ya shamba ilijaribu ilivyoweza, tukapewa gari kwenda hospitali kubwa, akafia mikononi mwangu njiani. Tukamzika Tumati, kwao mume wangu.

Sisi watu wa Mbulu tuna jambo linaloitwa meeta. Ukifiwa na mtoto, unatengwa, kifo kisije kikawafuata wengine kupitia kwako. Huendi kwenye shughuli za watu, huchoti maji pamoja na wenzako, humsogelei mwenye mimba, mpaka wazee waseme yametosha. Padri alihubiri dhidi yake, tukaitikia amina, kisha tukarudi nyumbani tukatengana kama kawaida.

Niliporudi dukani, wafanyakazi wa shamba waliotoka mikoa mingine waliendelea kununua. Watu wetu waliweka hela mwisho wa kaunta, wakarudi nyuma, ndipo nikaichukua. Hakuna aliyeniita. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linasahauliwa, anaitwa mama wa mtoto wake. Sasa hawakujua waniite nani, wakaona afadhali wanyamaze.

Jirani yangu wa ukuta aliuza vitenge. Mama mtu mzima, wa Maretadu kule kwetu Mbulu, ndiye aliyenishikia mwanangu kila nilipotoka kwenda stoo. Mkwe wake alikuwa mjamzito, akishinda naye dukani.

Fundi alipokuja na viyoyozi, aliunganisha maduka mengine kwanza. Alipofika nyuma ya kwangu, akiwa anazungushia katani kwenye meno ya bomba, nikamsikia jirani anatoka.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Hebu ngoja, fundi. Haya maji yakitoka kwa huyu yanakwenda wapi?"

"Yanarudi mtamboni."

"Halafu?"

"Yanapozwa, yanatoka tena."

"Yanakuja kwangu."

"Kwa wote, mama. Lakini hayaguswi na mtu. Yamo ndani ya chuma tu, yanazunguka."

"Sijauliza kama yanaguswa."

Nilitoka nje na matusi yamejaa mdomoni. Nilitaka kumuuliza benchi la mbele kanisani analikalia kwa nini. Lakini nilimkuta analia, na nyuma yake mkwe wake ameshika tumbo kwa mikono miwili, ananiangalia kwa hofu. Jirani hakusema nami. Alisema na fundi, mimi nikiwa pale pale.

"Mwambie nilimpenda mtoto wake. Mwambie najua alichopoteza. Lakini wa kwangu bado yumo tumboni."

"Unganisha," nikamwambia fundi, "halafu funga koki zote mbili, ya kuingiza maji na ya kutoa."

Fundi, mtu wa mbali huko, alitutazama kama vichaa. Akaunganisha, akafunga.

Basi nikakaa miezi yote ile nikisikia feni ya jirani ikivuma upande wa pili wa ukuta, na kwangu kiyoyozi kimetundikwa kikavu juu ya kreti tupu. Kreti sikuliondoa. Mume wangu, dereva wa mashine za kuvunia, alisema tufungue kimyakimya, nani atajua? Nikamkatalia kwa ukali, akadhani nawaheshimu wazee. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mchana kutwa nilimlaani yule mama moyoni, na mchana huo huo niliitazama mikono yangu nikijiuliza kama kweli ina kitu. Kutengwa na watu kuliniuma, lakini kujiogopa mwenyewe kuliniuma zaidi, na hilo sikumwambia mtu.

Baada ya mavuno ya ngano wazee walisema yametosha. Tulinyolewa. Kesho yake jirani alikuja mwenyewe akimburuta fundi, mjukuu mgongoni. Fundi akafungua koki. Bomba zikaanza kutoa jasho, feni ikazunguka, na baridi ikashuka pale pale nilipoomba ishuke, kwenye kreti tupu. Nikasimama mbele yake. Ilikuwa baridi nzuri, nyororo, baridi ya kumlaza mtoto. Nililia mpaka fundi akaondoka bila kuaga.

Jirani aliingia ndani. Akafungua mbeleko, akaniwekea mjukuu mikononi bila kuniuliza. Feni ilikuwa inampulizia kichwani, nikageuka, baridi ikanipiga mimi mgongoni, yeye asije akapata kifua. Ndipo jirani akaniita, kwa ile sauti yake ya zamani ya kuvuka ukuta: mama, na jina la mwanangu. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Abee," nikaitika.

Shamba lilikuja kufa, mtambo ukabebwa, bomba zikang'olewa. Mtoto mwingine sikupata, kwa hiyo jina halikubadilika. Hapa Mogitu ninapoishi sasa wananiita hivyo hivyo. Vijana wananiamkia, wanadhani mwenye jina yuko mjini, mtu mzima, na kazi yake. Wengine huniuliza, "Hajambo huko aliko?"

Nawajibu hajambo.