Gari la Mlimani la Jaku Mcha

Jaku Mcha wa Kiembe Samaki aliitwa mwizi wa petroli mbele ya wanawake wa ushirika mzima, akalibeba jina hilo kama gunia la chumvi linalovuja mgongoni, ilhali hakuwa ameiba hata kiasi cha kuondolea doa kwenye kanga. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu mji wetu una tabia mbaya: mtu akisingiziwa, habari hufika Mkokotoni kabla ya adhuhuri, akitakasika, habari hiyo hutembea kwa magoti. Nami sina subira na habari itembeayo kwa magoti.

Alikuwa mtu mwembamba, mwepesi wa kucheka, mtoto wa Makunduchi kwa upande wa mama, na dereva asiyeweza kumpita mtu anayemjua bila ya kumpungia mkono. Na kwa kuwa aliwajua watu wote, alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1969 wanawake wapishi wa mikate wa Amani walimpa ufunguo wa gari lao la kwanza, pikapu ya rangi ya samli, iliyonunuliwa Mbeya kwa bwana mmoja mwenye shamba la kahawa, ikavushwa bahari hadi bandarini kwetu. Kila alfajiri Jaku alipakia mikate ya ufuta na ya mofa, akaitawanya tangu Forodhani hadi Kiembe Samaki. Mkewe, Mwanapili, alimsukia kikuba cha asumini na mrehani, akakitundika kwenye kimojawapo cha vishikio vilivyo chini ya usukani, ili gari linukie harusi badala ya hamira.

Lilikuwa gari zuri, ila lilikunywa. Lilikunywa petroli kama mgeni aliyeambiwa sharubati ni ya bure.

Mwenyekiti wa ushirika, Bi Kidawa Abdulla, mpishi ambaye unga wenyewe ulimwogopa, alimwita fundi wao, Masoud. Masoud alifungua plagi, akazikuta nyeusi tititi kwa masizi, akatangaza kwamba injini inapewa petroli nyingi kuliko haja yake. Akaibana petroli kidogo, akafuta mikono, akatoa hukumu ambayo hakuna aliyemwomba.

"Injini haina kosa, Bi Kidawa. Ikiwa petroli bado inapungua, basi petroli hiyo ina miguu."

Wanawake wote wakaitazama miguu ya Jaku.

Hivyo ndivyo mtu anavyofanywa mwizi: si kwa ushahidi, bali kwa usemi uliopendeza. Baada ya Masoud kuibana, petroli ilizidi kupungua badala ya kusalimika, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ni kiburi cha mwizi. Wapishi, ambao hawawezi kukanda unga bila ya kuimba, walimtungia wimbo:

*Jaku wetu Jaku, una kiu gani?*
*Sisi twanywa chai, wewe petroli!*

Jaku aliusikia hadi dukani, hadi msikitini, hadi kwa mama mkwe.

Ikawadia Julai, na pamoja nayo sherehe ya Mwaka huko Makunduchi, ambako watu wa kusini huufunga mwaka wao kwa kutandikana magomba hadharani mpaka kinyongo kitoke. Wapishi walitaka kwenda, na Bi Kidawa akaona hiyo ndiyo mizani. Alijaza petroli iliyotakiwa kutosha kwenda na kurudi, akaufunga mfuniko wa tangi kwa uzi na nta, akaupiga muhuri kwa pete yake.

"Nnakaa nawe mbele, Jaku," alisema. "Petroli hii ikitufikisha Makunduchi, tumeshajua kuwa siku zote ilikuwa ikiibwa, na ufunguo utanipa huko huko mbele ya mama yako."

"Na ikituishia njiani, Bi Kidawa?"

"Ikituishia njiani tutakuwa wajinga sote, lakini wewe hutokuwa mwizi."

Nadhani hajapata kutokea katika kisiwa chetu dereva mwengine aliyeondoka mjini akimwomba Mola wake mafuta yamwishie. Nyuma walikaa wapishi na vikapu vyao, nami nikiwa miongoni mwao, pamoja na Masoud, ambaye alikuja kushuhudia ushindi wake na kula pilau. Gari lilipita Tunguu likifuka moshi mweusi. Lilipita msitu wa Jozani. Kila kilima, japo kilima cha Unguja ni kama tumbo la mtu aliyelala, gari lilinguruma na kukawia. Bi Kidawa alitazama sindano ya petroli. Jaku naye aliitazama, na kadiri ilivyoshuka ndivyo alivyozidi kung'ara uso.

Tulipofika Kitogani gari lilikohoa, likatikisika, likazima.

"Petroli imekwisha!" Jaku aliruka nje akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Imekwisha kabisa, halijabaki hata tone! Bi Kidawa, njoo uitazame nta yako!"

Bi Kidawa alizunguka, akainama, akaikuta nta nzima na muhuri wa pete yake umetulia. Jaku alikuwa anacheza peke yake katikati ya barabara, mikono juu, mtu aliyekwama maili nyingi kutoka mjini, mwenye furaha kuliko bwana harusi.

Na hapa ndipo hasira zangu zinapopanda upya. Mtu angedhani wangemwomba radhi. Sauti moja ikatoka nyuma ya gari: "Basi kama si mwizi, ana jini mnywaji." Mara wote wakaafikiana! Mwizi hufukuzwa kazi tu. Mwenye jini hukimbiwa, yeye pamoja na mikate yake. Jaku alishusha mikono. Ilimbidi sasa ajitakase na jambo ambalo halifungiki kwa nta.

Kutoka nyumba ya jirani alikuja Bi Mwanamkasi, kizee wa Kitogani aliyesifika kwa kupunga pepo, akivutwa na kelele.

"Shikamoo, bibi," alisema Jaku.

"Marahaba, mwanangu. Gari lenu hili kwao wapi?"

"Mbeya, bibi. Milimani, juu kabisa."

"Ee! Basi lina pepo la mlimani. Pepo la mlimani halitulii pwani mpaka lipewe chake."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kanga mbili zilitandikwa juu ya boneti. Chetezo cha udi kikaletwa, kikazungushwa kwenye taa za mbele. Mpishi mmoja akaanza kulipiga debe tupu, mwengine akaitikia kwa vifuniko vya sufuria, na pikapu ya rangi ya samli ikapungwa pepo mchana kweupe pembezoni mwa barabara, huku mbuzi wa Kitogani wakishangaa. Masoud alicheka mpaka akashika mti.

Bi Mwanamkasi alimgeukia Jaku kwa upole, kama anavyoulizwa mzazi wa mgonjwa.

"Na linapolia, mwanangu, wewe hulipatia nini?"

"Nnalivutia choki, bibi."

Masoud akaacha kucheka.

"Choki? Choki ya asubuhi, ya kuwashia?"

"Ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Nisipoivuta linapiga chafya na kukataa kwenda. Tangu lilipokuja."

Masoud aliingiza kichwa ndani ya gari na kukinyanyua kikuba cha Mwanapili. Chini ya asumini palikuwa na kishikio cha choki, kile kinachoizidishia injini petroli inapowashwa baridi, kimevutwa nje nusu na kufungwa kwa uzi kisirudi. Alikuwa amelikagua gari lile mara kadhaa, na kila mara alikuwa amevuta harufu ya maua, akaridhika.

"Mbona hukuniambia?" alisema.

"Ungeniambia sijui kuendesha. Mwizi nshakuwa, na udereva pia mninyang'anye?"

Masoud alikaa chini barabarani. "Huko juu Mbeya," alisema polepole, "hewa ni nyepesi. Ukiipa injini petroli kwa kipimo cha huku pwani, itapaliwa. Basi mafundi wa kule hutia ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kipande cha shaba chenye kijitundu chembamba, petroli ipite kidogo. Gari limeshuka kwetu na kijitundu chake kile kile. Huku hewa nzito."

"Sema Kiswahili cha jikoni," alisema Bi Kidawa.

"Hewa ndiyo unga, Bi Kidawa. Petroli ndiyo maji."

Bi Kidawa alifumba macho, na mikono yake ikaanza kukanda hewa tupu. "Kipimo cha maji cha unga kidogo," alisema, "umekitia kwenye unga mwingi. Donge linakatika. Ndiyo chafya hiyo." Akafumbua macho. "Kisha Jaku, maskini, akaona donge gumu, akamimina maji kwa kata nzima, kwa choki. Likawa uji. Ndio moshi mweusi. Na wewe fundi wangu ukauona uji, ukasema maji ni mengi, ukazidi kukipunguza kipimo!"

"Naam," alisema Masoud, kwa sauti ndogo.

"Petroli ina miguu, eh? Wewe ndiye una miguu, na utaitumia leo kurudi mjini, kama hulitengenezi gari hili hapa hapa!"

Dereva wa lori la chokaa aliyekuwa akipita alitupatia galoni moja ya petroli. Masoud alikilegeza alichokibana, akakitoa kijitundu cha shaba kwenye kabureta. Mpishi mmoja, aliyekuwa akidarizi kofia njia nzima, akamtolea sindano yake ya chuma kigumu, na Masoud akakikwangua kijitundu taratibu mpaka kikapanuka kidogo, akikitazama dhidi ya jua. Jaku mwenyewe alikata uzi wa choki. Gari likawaka. Halikupiga chafya. Lilinguruma kwa sauti nene iliyotulia, na moshi wake haukuonekana.

"Pepo limetoka," alisema Bi Mwanamkasi, akazikusanya kanga. Hakuna aliyethubutu kumbishia, na kwa kweli sijui ningembishia kwa hoja gani.

Tuliingia Makunduchi tukiimba, na petroli ya lori la chokaa ikisikika kuchezacheza ndani ya tangi. Uwanja ulikuwa umejaa watu na magomba yakivuma. Bi Kidawa alipanda juu ya pikapu, akatangaza kwa sauti ile ile iliyowahi kuliogofya donge la unga, jina kamili la Jaku, la baba yake na la mama yake, na kwamba mikono yao ni safi. Kisha akamkabidhi Jaku gomba bichi, akamwonyesha Masoud kwa kidevu.

"Mwaka unafungwa, wanangu. Malizeni."

Masoud alivua kofia, akageuka, akatoa mgongo. Jaku alimtandika gomba la kwanza kwa petroli, la pili kwa wimbo; la tatu halikufika, maana wote wawili walikuwa wameshaanguka kwa kicheko, na gomba likavunjika chini yao. Usiku wa siku ile wapishi walikuwa na wimbo mpya, na jina lililokuwa ndani yake halikuwa la Jaku.

Tarehe 4 Machi 1971 ushirika ulinunua gari la pili, safari hii kutoka Iringa. Kabureta yake ilifunguliwa na kubadilishwa kijitundu kabla halijapakiwa mkate hata mmoja, na ufunguo wake akakabidhiwa Jaku Mcha.