Dawa Mbili

Mtunza maabara alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa pale shuleni, akiosha bureti, akipanga chupa na kuzibandika lebo zenye mwandiko wa kuonewa wivu. Wanafunzi walimwita Mama Lebo, jina alilolipenda ingawa alijifanya kununa. Kilichompandisha hasira ni kimoja tu: mtu kuingia maabara akaita kila kimiminika "dawa".

"Inatibu ugonjwa gani?" alikuwa akimuuliza. "Taja jina lake au toka."

Sababu alikuwa nayo. Mdogo wake, mfanya usafi wa ofisi, aliwahi kujifungia chooni akachanganya dawa ya choo na dawa ya kung'arisha nguo. Kwake zote zilikuwa dawa, basi mbili zingefanya kazi maradufu. Hewa iliyotoka ilimuunguza mapafu. Mpaka leo hapandi ngazi bila kupumzika katikati, na jambo hilo lilimuuma dada mtu kupita kiasi.

Kwa hiyo kila mwaka aliomba kipindi kimoja, awafundishe kidato cha mwisho kusoma lebo za vitu vya nyumbani. Safari hii mwalimu mpya wa kemia alikataa katakata.

"Mama, mtihani hauulizi mambo ya choo. Hata kusawazisha milinganyo hatujamaliza."

"Wakifaulu halafu wakafa, hiyo milinganyo watamsawazishia nani?"

Mwalimu akampa dakika kumi za mwisho za Ijumaa, kwa shingo upande.

Mama Lebo aliweka mezani chupa mbili tupu za dukani. "Haya, nani ataniambia choo cha kwao kinasafishwaje?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana wa dawati la mbele akajibu bila wasiwasi: "Mama amenunua hizo hizo mbili jana. Jirani kamwambia akizichanganya, madoa yote kwisha."

"Anasafisha lini?"

"Leo, akitoka kazini." Akatazama saa ya ukutani. "Atakuwa ameshafika."

"Hizi zikichanganywa hutoa hewa inayounguza mapafu," Mama Lebo akasema. Kicheko kikakatika. Mwalimu alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni, akampa msichana, naye akabonyeza namba. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Mama, umeshaanza kusafisha choo?"

"Bado, natafuta ndoo. Kwani vipi?"

Msichana akaanza kulia. Mwalimu ndiye aliyeichukua simu, akaanza kumweleza mama wa watu taratibu, chupa moja baada ya nyingine.