Mashabiki walaumu bendi, fundi spika ajitaja

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Mama Mkwaruzo ameinamia spika pana kama sinia. Ameizungushia vidole ukingoni, anaibonyeza polepole na kuiachia. Sikio lake la kulia nusura liguse ile karatasi nyeusi. Upande wa pili wa ukuta, mashine ya kinyozi inanguruma.

Anagonga ukuta ngumi mbili.

"Haya, haya!" sauti ya kinyozi inajibu. "Mteja wangu nimemwacha nusu kichwa kwa ajili yako!"

Mashine inazimika. Mama Mkwaruzo anabonyeza tena. Asiye na mazoea hasikii kitu. Mara ya tatu, chini kabisa, inatoka sauti ndogo kama ukucha unaopita juu ya gazeti.

"Umeusikia? Huo ndio mkwaruzo," anasema bila kuinua kichwa. "Na huu haukuja wenyewe. Niliuweka mimi, kwa mikono yangu hii."

Spika hiyo ni ya ukumbi wa mikutano ulio mtaa wa tatu kutoka kibandani kwake. Ukumbi una spika kumi na mbili, na kwa miaka tisa hakuna mtu mwingine aliyezifungua. Keshokutwa, Jumamosi saa tisa alasiri, bendi ya roki iitwayo Radi Kavu itapiga humo kwa mara ya kwanza tangu ibadilishe muziki wake. Spika tatu kati ya hizo kumi na mbili ziko mezani kwa Mama Mkwaruzo. Zikikwaruza tena, meneja wa ukumbi ameshatamka: atauza zote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akodi za kampuni.

Mama huyu ana miaka hamsini na nne. Shule aliishia darasa la saba. Ufundi alifundishwa na mjomba wake, mtengeneza redio, ambaye alimpa tochi kabla hajampa bisibisi.

"Nilishika tochi mwaka mzima," anakumbuka. "Nikimuuliza, 'Mjomba, lini nitafungua?' ananiambia, 'Kwanza jifunze kuangalia.' Nilikuwa namchukia! Leo namwombea dua."

Jina lake la kuzaliwa siku hizi hutumiwa na mama yake mzazi na watu anaosali nao tu. Mtaani kote ni Mama Mkwaruzo. Kabla hajaingiza kisu kwenye spika ya mtu, hutaja jina la Mungu, tena kwa sauti. Wiki ya kawaida humletea spika tano au sita za redio, na hizo humpa chakula. Kodi ya kibanda na ada ya binti yake wa mwisho, anayesomea ushonaji, hutoka ukumbini.

Wiki tatu zilizopita mambo yalibadilika.

Kwa miaka kumi na moja Radi Kavu walijulikana kwa magitaa matatu yanayopigwa mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Kisha ikatoka albamu mpya. Wimbo wa kwanza hauna hata gitaa moja. Unaanza na kinanda kizito, sauti ya chini mno, dakika nne nzima. Halafu fidla mbili. Halafu ndipo mwimbaji anaingia, naye ananong'ona.

Wiki hiyo Mama Mkwaruzo alipokea redio thelathini na moja.

"Mtu anaingia mbio, 'Mama, redio imekufa!' Namwambia kaa hapo, subiri. Tunausikiliza wimbo mpaka mwimbaji anaingia. Namwambia, haya, maiti imeamka, nenda nayo nyumbani," anasema huku akicheka. "Mmoja alikasirika kweli. Akaniambia, 'Basi angalau ifungue kidogo, nisiwe nimekuja bure.'"

Redio kumi na saba hazikuwa na tatizo lolote. Lakini kumi na nne zilikuwa mbovu kweli, na hapo ndipo fundi alipoanza kukosa raha. Hazikuharibika wiki ile. Zilikuwa zikikwaruza miaka mingi, ila magitaa yalikuwa yakifunika. Muziki ulipotulia, ubovu ukasikika.

Nje ya kibanda chake kuna benchi la mbao, na benchi hilo likageuka bunge. Spika wa bunge, kama ni lazima awepo, ni kinyozi wa jirani, shabiki wa Radi Kavu tangu siku ya kwanza. Upinzani unaongozwa na muuguzi, mke wa kaka wa kinyozi huyo, anayepita hapo akitoka zamu.

"Dakika nne za kinanda!" kinyozi husema. "Mimi kwa dakika nne nimeshamaliza kichwa na ndevu."

"Ndiyo maana watu wanatoka kwako na mabaka."

"Shemeji, usinitanie kwenye riziki yangu. Hawa jamaa walikuwa simba. Sasa hivi wanaimba kama wanaogopa kumwamsha mtoto."

"Na kama mtoto amelala kweli? Watu wanakua, shemeji. Mimi nikitoka kusimama saa kumi na mbili wodini, sitaki mtu anipigie kelele. Ule wimbo nausikiliza nimejilaza sakafuni, machozi yananitoka."

"Huo ni uchovu. Kanywe maji."

Mama Mkwaruzo hakuwahi kuchukua upande. Alipobanwa aseme, alijibu kwamba nyumbani kwake zinapigwa nyimbo za dini tu, na akarudi kwenye gundi yake.

Jumapili iliyopita mashabiki kama mia tatu walikusanyika ukumbini kuisikiliza albamu kwa pamoja. Fundi naye alikwenda, moja kwa moja kutoka kwenye ibada, akasimama ukutani. Dakika ya pili, kinanda kiliposhuka chini kabisa, upande wa kushoto ukaanza kukwaruza.

Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyorekodiwa. Mmoja akapiga mluzi. Wengine wakaguna. Kinyozi akapanda juu ya kiti: "Turudishieni magitaa yetu!" Nusu ya ukumbi ikaitikia, na viti vikaanza kuburuzwa kuelekea mlangoni. Muuguzi alibaki ameketi, mikono magotini, anatazama viatu vyake.

Mama Mkwaruzo alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Spika ya pili kutoka chini. Ya tatu. Ya sita. Alizijua.

Katikati ya spika kuna koili, kimrija kilichozungushiwa waya mwembamba, kinachopanda na kushuka ndani ya sumaku. Nafasi yake ni finyu kama unene wa ukucha. Ili koili isiegemee upande na kukwaruza, fundi hupachika vipande vyembamba kuizunguka, hupaka gundi, kisha huiacha usiku na mchana. Vipande hivyo Mama Mkwaruzo hukata kutoka kwenye picha kuukuu za eksirei anazoletewa na muuguzi.

Miaka mitatu iliyopita spika hizo tatu ziliungua kwa pamoja, na jioni yake ukumbi ulikuwa na sherehe. Meneja alikuja kibandani, akasimama mlangoni akitazama saa. Fundi alichomoa vipande gundi ikiwa mbichi.

"Nilijua," anasema. "Mkono uliniambia bado. Nikaupuuza kwa sababu mtu amenisimamia. Magitaa yakanisitiri miaka mitatu."

Hakuna aliyemlaumu. Mji mzima ulikuwa ukiilaumu bendi. Angeweza kunyamaza na kazi yake ikabaki salama.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini kwa meneja. Meneja mwenyewe, tulipomtafuta, alikiri kwamba mazungumzo yalikuwa hivi anavyoyasimulia fundi.

"Watu wanailaumu bendi," meneja alimwambia. "Wewe na mimi hatumo. Sasa umekuja kutafuta nini, mama?"

"Bendi haijakosea. Spika tatu zinakwaruza. Nilizifunga mimi."

"Nani mwingine amesikia?"

"Nimesikia mimi."

"Basi nenda nyumbani."

"Siwezi. Vijana wa watu wamekaa miaka miwili wanautengeneza ule wimbo, halafu wanazomewa kwa gundi yangu. Nitasimamaje kusali?"

Meneja alipiga meza. Kisha akatoa masharti: azitengeneze, na ukisikika mkwaruzo mmoja Jumamosi, wameachana. Ukumbi ulikuwa na mkutano hadi Jumatano, kwa hiyo spika zilifika kibandani Jumatano jioni. Meneja, aliyezileta mwenyewe, alizitaka Ijumaa asubuhi.

"Jumamosi saa sita mchana," fundi alimjibu. "Ukizitaka Ijumaa, zichukue sasa hivi, mbovu kama zilivyo."

Meneja aliondoka bila kuzichukua.

Ndiyo hizo zilizo mezani Alhamisi hii. Ya tatu ameshaikata karatasi kwa kisu. Vipande vya eksirei anavipachika kimoja kimoja kwa koleo ndogo. Kimoja bado kinaonyesha mfupa wa kidole cha mtu. Kinyozi ameingia, taulo begani.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Na mimi nimepanda kiti mbele ya watu mia tatu!"

"Ulipanda vizuri. Hukuanguka."

Kinyozi anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ungenyamaza tu, mama. Nani angejua?"

"Shika tochi hii," anamwambia. "Usiitikise."

Ijumaa kutwa hagusi kitu. Meneja anapiga simu mara nne, na mara zote nne anapewa jibu lile lile. Jumamosi alfajiri, baada ya sala, fundi anachomoa vipande, anabonyeza kila spika mara ishirini, anasikiliza. Saa sita kasoro robo mkokoteni unasimama mlangoni pa ukumbi.

Saa tisa alasiri ukumbi umejaa. Wengine wamekuja kusikiliza na wengine, bila kificho, wamekuja kuzomea. Radi Kavu wanaanza na wimbo ule ule. Kinanda kinashuka. Mama Mkwaruzo amesimama pembeni ya jukwaa, kushoto, kiganja juu ya kasha la spika, midomo ikicheza taratibu. Meneja yuko upande wa pili, mikono kifuani, anamtazama yeye badala ya kuitazama bendi.

Dakika ya pili inapita. Ya tatu. Sakafu inatetemeka chini ya viatu, sauti ni safi kama maji ya mtungi. Fidla zinaingia, na mwimbaji anaponong'ona, neno lake la kwanza linafika hadi kiti cha nyuma kabisa. Hakuna anayepiga mluzi. Muuguzi amefumba macho.

Kinyozi anasogea pembeni ya jukwaa.

"Sasa nasikia kila kitu," anamwambia fundi sikioni.

"Ee?"

"Kila kitu. Na bado siipendi."

Mama Mkwaruzo anacheka mpaka anashika ubavu. "Hiyo ni haki yako, baba. Kazi yangu ni uisikie. Kuipenda mtajuana wenyewe."

Watu wakitoka, ubishi unaendelea hadi barabarani, tena umepamba moto. Ila sasa wanabishana kuhusu fidla, kuhusu maneno, kuhusu kama simba anaruhusiwa kunong'ona. Kuhusu mkwaruzo hakuna anayesema neno. Meneja anampita fundi akielekea ofisini, anarudi hatua mbili. "Mwezi ujao kuna mikutano miwili," anasema. "Njoo uzikague kabla."

Mpango wa fundi kwa sasa ni spika tisa zilizobaki. Anataka kuzifungua zote, mbili kila wiki, hata ambazo hazijalalamikiwa, kabla mwezi ujao haujaisha. Baadaye, Mungu akimjalia, angependa chumba cha pili chenye mlango, mahali ambapo gundi itakauka bila mtu kuisimamia.

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza ni kinyozi. Amekumbatia spika ya dukani kwake, vumbi la nywele limejaa kwenye wavu wake.

"Ifungue," anasema. "Nisije nikawa naichukia bendi ya watu kwa ubovu wa spika yangu."

Mama Mkwaruzo anaweka vidole ukingoni, anabonyeza, anatega sikio.

"Ina mkwaruzo."

"Nilijua! Nije kuichukua saa ngapi?"

"Keshokutwa, asubuhi."

"Mama, duka litakaa siku mbili bila muziki?"

"Keshokutwa," anarudia, na kumkabidhi tochi.