Chama cha Sultani kwa Kinyozi

Juzi nilikuwa kwa kinyozi pale Kisauni nikingoja zamu, gari la kampeni likapita likipiga makelele. Kinyozi, kijana ambaye wazazi wake walitoka bara, akamuuliza mzee aliyekuwa akimnyoa ndevu, "Mzee, wewe ni wa chama gani?"

"Cha marehemu baba," akajibu mzee. "Kilianzia barazani kwetu, Mwingereza alipokuwa akifunga virago. Wazee walisema pwani ni ya Sultani, Mwingereza aliikodi tu. Akiondoka, irudi kwa mwenyewe, wala isipewe watu wa bara. Nami, wallahi, naamini hivyo mpaka leo."

Wembe ukasimama shingoni. "Mzee, mimi nimezaliwa hapa hapa Kisauni. Sultani akirudi, nitaenda wapi?"

Mzee hakucheka. Alimtazama kijana kwenye kioo, kisha akaushika polepole ule mkono wenye wembe.

"Wewe huendi popote, mwanangu. Nitazungumza naye mimi mwenyewe."

Kijana akaendelea kunyoa, kwa uangalifu zaidi. Masikini Sultani! Hata hajarudi, na mfuasi wake mwaminifu keshaanza kumwekea masharti.