Bi Fyuzi afunga swichi ya betri, ahamie barabarani kwa mumewe

Saa moja asubuhi, kabla jua halijavuka ukuta wa karakana, Bi Fyuzi anavua pete yake ya ndoa na kumwekea mumewe kiganjani.

"Shika. Ukiipoteza, unanioa upya."

"Kwa mahari ileile?"

"Mahari imepanda. Siku hizi mimi ni fundi."

Mume anacheka. Anajaribu kuivaa kwenye kidole chake cha mwisho, inakwama kwenye kifundo. Mkewe ameshageuka zamani. Amechuchumaa mbele ya tela la kuishi, lenye umbo la mkate, spana mkononi, anafungua kichwa cha hasi cha betri.

Kuvua pete si mbwembwe. Betri ina vichwa viwili, chanya na hasi, na chuma kikivigusa vyote kwa pamoja kinageuka kaa la moto kabla mtu hajasema "aa". Fundi aliyemfundisha kazi ana kovu la mviringo kwenye kidole cha pete mpaka leo.

"Hasi inatoka ya kwanza, inarudi ya mwisho," anasema Bi Fyuzi bila kuinua kichwa. "Ukigeuza, betri itakufundisha yenyewe."

Kazi ya leo ni kufunga swichi ya kukata betri. Ni kitu kidogo, duara, chenye mshikio mwekundu. Ukiuzungusha upande huu, umeme wa betri unaingia ndani ya tela. Ukiuzungusha upande ule, tela zima linalala.

"Watu wanadhani ukizima taa umezima kila kitu. Wapi! Redio inakumbuka saa. Kengele ya gesi inanusa usiku kucha. Kila mmoja ananyonya kidogo kidogo, kama bomba linalodondosha. Unarudi baada ya wiki tatu, ndoo tupu."

Betri moja mpya imeshamfia hivyo, alipokwenda kumuuguza mama mkwe. Aliporudi, mama mkwe amepona, betri imekufa.

"Nikampigia kumwambia. Akanijibu, 'Bora hiyo betri, mwanangu.'"

Jina la Bi Fyuzi alipewa na madereva. Gari likigoma, hata kama limegonga mti, swali lake la kwanza ni moja: umetazama fyuzi? Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa mabati, meza ya mbao iliyolowa oili, na ukuta mzima wa nyaya zilizoning'inizwa kwa rangi. Siku nzuri anahudumia magari matano. Siku mbaya anashinda akiipangusa vumbi mita yake ya kupimia umeme.

Hakwenda chuo. Aliingia karakana ya watu akiwa msichana wa kufagia. Fundi umeme wa pale macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, akawa anamwita: njoo uniambie, huu ni wa kijani au wa buluu?

"Nilianza kwa kuwa macho yake," anasema. "Baadaye nikawa mikono yake. Siku moja akaketi kabisa, akaniambia, malizia."

Mumewe ni dereva wa greda, lile tingatinga refu lenye wembe tumboni linalosawazisha barabara. Hapa mtaani wanamwita Bwana Greda. Kazi yake haina anwani. Barabara ikisogea, kambi inasogea, naye anasogea nayo. Hurudi nyumbani mara chache, na mfuko wa nguo chafu, halafu huyo, amekwenda tena.

Wameoana miaka kumi na tisa. Wakijumlisha siku walizolala chini ya paa moja, hawafikishi mitano. Binti yao, ambaye sasa anasomea ushonaji, alimwita baba yake "mgeni" mpaka alipoanza shule.

"Alikuwa mtoto mwenye adabu," anasema Bwana Greda. "Ananiletea maji, ananiambia, karibu tena mgeni."

Anacheka. Mkewe hacheki.

Ndiyo maana Bi Fyuzi alinunua tela. Alilikuta nyuma ya uwanja wa magari chakavu, limezama kwenye majani, kuku wametaga kwenye kabati la sahani. Alilipata kwa bei ya betri mbili mpya. Lina kitanda cha kukunja, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki dogo, na madirisha manne ambayo binti ameyashonea mapazia ya maua. Mtaa unaliita Kopo.

"Wifi, kweli unaacha nyumba ya matofali unakwenda kuishi kwenye kopo?" anauliza dada wa Bwana Greda, ambaye amekuja kukabidhiwa funguo za karakana.

"Dagaa wanaishi kwenye kopo, tena wamepangana vizuri, kila mmoja na mwenzake."

"Dagaa wale wamekufa, wifi."

"Lakini wako pamoja."

Utani huo una jambo zito chini yake. Mwaka huu kampuni ya barabara imeruhusu wake na waume kuishi kambini, kwa yeyote mwenye nyumba yake ya magurudumu, ila kwa masharti mawili. La kwanza, tela likiwa halina mtu ndani, umeme wote ukatwe, kwa sababu liliwahi kuungua moja. La pili, tela likichomoka kwenye gari linalolivuta, lijizuie lenyewe. Njia ya kwenda kambini ina mteremko mkali, na chini ya mteremko kuna mahema ya vibarua.

Mkaguzi wa kambi anapita leo tu. Keshokutwa msafara unaondoka. Asiyekubaliwa leo atangoja barabara nyingine, na barabara moja hula mwaka na ushee.

Bi Fyuzi anapitisha waya mnene mwekundu kutoka kwenye chanya ya betri hadi kwenye swichi. Swichi ina skrubu mbili. Ya kwanza inapokea umeme, ya pili inaugawa. Kwenye ya pili anafunga nyaya zote za ndani: taa, pampu ya maji, redio, kengele. Kila waya ameubana kichwa cha shaba na kuuvisha kijimpira, kisha anaupitishia kiberiti mpaka mpira unywee na kushika.

Waya mmoja mwembamba, wa buluu, anauacha kwenye skrubu ya kwanza, upande wa betri. Anaukaza kwa vidole, anatafuta spana.

Hapo honi inalia nje. Inalia, haikomi. Teksi imesimama getini, dereva kajishika kichwa.

"Bi Fyuzi, niokoe! Nimebonyeza mara moja, imekataa kunyamaza!"

"Umetazama fyuzi?" anajibu, na anatoka.

Anaporudi, kisanduku cha swichi kimeshafungwa kifuniko. Mumewe anajipangusa mikono.

"Nimekumalizia," anasema kwa fahari ya mtu aliyekuwa anangoja kusifiwa.

"Umekaza?"

"Mimi? Nikikaza mimi, inakazika."

Anarudisha hasi, ya mwisho kama desturi. Anazungusha mshikio mwekundu. Taa zinawaka, pampu inakoroma. Anauzungusha tena. Kimya. Wifi anapiga makofi. Kipini cha breki, kile cha sharti la pili, alikijaribu jana, kabla ya swichi, kikafanya kazi vizuri. Anainuka kwenda kukijaribu tena, na pikapu ya mkaguzi inaingia getini.

Mkaguzi ni mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anasalimia kila mtu, anachungulia kitanda, anasifu mapazia. Anazungusha swichi, anaona taa zimekufa zote.

"Safi. La kwanza limepita. Tulifunge kwenye gari."

Kipini ni kidude kidogo mbele ya tela, kimefungwa kwa kamba ya chuma kwenye gari. Tela likichomoka, kamba inakivuta kipini. Kipini kikitoka tu, umeme wa betri unakimbilia kwenye breki na magurudumu yanang'ang'ania chini. Mkaguzi anakichomoa kwa mkono, anampungia dereva wake mkono aondoke taratibu.

Pikapu inasogea. Tela linafuata. Linafuata polepole, bila ubishi, mpaka karibu na geti.

"Mama," anasema mkaguzi kwa upole, "tela lako lina adabu sana. Mimi nilitaka likatae."

Rangi inampotea Bi Fyuzi usoni. Bwana Greda anatazama viatu vyake.

"Jana lilikataa, baba. Naapa. Nipe nafasi nitazame."

Mkaguzi anatazama saa. Bado ana matela mengine, yako mbali.

"Angalau chai, shemeji," anaingilia wifi, ambaye ameshakuwa jikoni kabla hajajibiwa. "Hutoki kwangu na koo kavu."

Anarudi na kikombe kikubwa cha chuma, chai inayochemka mpaka ukingoni. Baadaye ataeleza kwamba alikichagua kwa makusudi. Kikombe cha chuma hakishikiki, na mtu asiyeweza kushika kikombe hana pa kwenda.

Bi Fyuzi anatoa hasi. Anafungua kisanduku. Hahitaji hata mita. Kwenye skrubu ya kwanza umebaki waya mnene peke yake. Ule wa buluu uko upande wa pili, pamoja na taa na redio na pampu, umepangwa vizuri na kukazwa nati ambayo spana inaisukuma mara mbili ndipo inalegea. Swichi ikikatwa, nao umekatwa. Breki haina umeme wa kushikia.

Mkono uliokaza hivyo hapa karakana ni mmoja tu.

"We mwanaume. Nani kauhamisha huu?"

Bwana Greda anakuja, anachuchumaa kando yake. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote kazi yake imekuwa kutazama ardhi na kuondoa chochote kilichojitokeza nje ya mstari.

"Niliona umebaki kule peke yake," anasema. "Wembamba wenzake wote wako huku. Nikadhani umeusahau."

"Ule ni wa breki! Umekaa kule makusudi, swichi ikizimwa wenyewe usizimike!"

"Sikujua." Anaunyooshea waya kidole. "Niliuonea huruma, basi. Kukaa mbali na wenzake vile."

Bi Fyuzi anamtazama mumewe, spana hewani, kisha anaishusha. Anavuta pua.

"Nishikie tochi," anasema. "Na usiguse."

Ni kazi ya nati mbili. Waya wa buluu unarudi upande wa betri. Safari hii anaukaza mwenyewe, kisha anamwita mumewe auvute kwa nguvu zake zote aone kama unatikisika. Hautikisiki. Hasi inarudi. Anaizima swichi, anauvuta mshikio kuhakikisha.

Mkaguzi bado anapuliza chai.

"Tayari, baba."

Kipini kinachomolewa. Pikapu inasogea, inashtuka. Magurudumu ya tela yanakwaruza changarawe, vumbi linatimka, pua ya tela inainama. Dereva anaongeza moto. Tela limekaa pale pale kama mtoto aliyegoma kwenda shule.

"Limekataa!" anapiga kelele wifi.

"Limekataa," anakubali mkaguzi, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Nafasi yenu ni ya mwisho, karibu na tangi la maji. Keshokutwa alfajiri. Msichelewe."

Pikapu ikishatoka, Bi Fyuzi anakaa kwenye ngazi ya tela. Mumewe anahangaika na kidole, pete imekwama kwenye kifundo kilichovimba, inabidi wifi alete sabuni. Wanaivuta wote watatu, wakicheka, mpaka inatoka.

Mipango ameshaipanga. Wifi atabaki na karakana, maana mwaka mzima amekuwa akijifunza hapa na honi na taa hazimshindi. Kambini kuna matingatinga, malori na jenereta, na fundi umeme wa karibu yuko mbali sana. Madereva wawili wameshamtumia salamu kwamba betri zao zinamngoja. Anataka kuandika ubavuni mwa tela, kwa rangi nyekundu, FUNDI UMEME YUPO.

"Sasa kaka si atakuwa anakugusia nyaya kila siku?" anauliza wifi.

"Aguse tu. Angalau atakuwepo nimgombeze. Miaka yote hii, nikianza kumgombeza kwenye simu, mtandao unakatika."

Bwana Greda anakohoa. Anatazama tela, anatazama geti, anatazama mkewe.

"Mtandao haukukatika hata siku moja," anasema.

"Najua," anajibu Bi Fyuzi. "Ndiyo maana nahama."