Doa la Nta

Mkutubi wetu hachagui kitabu cha kusomwa na mji mzima mpaka akisome kwa sauti mbele ya kina mama wanaochora batiki kwa nta ya moto. Hulamba kidole kila anapofunua ukurasa, na hatazami nyuso zao, hutazama mikono. Mwaka huu alileta kwenye kamati yetu ya maktaba kitabu chembamba.

“Hiki kina huzuni mno, dada,” nikamwambia. “Watoto wa shule watalia.”

Alitandaza mezani kitambaa cha Mama Wagiyem, mmoja wa wachoraji hao, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kudondosha tone. Katikati ya ua lililochorwa humo palikuwa na doa la nta.

“Alinifukuza,” akasema, akilipapasa kwa kidole. “Eti nimemharibia kazi. Halafu akaniuliza kesho nitakuja saa ngapi.”