Ramani ya Mgodi wa Kyambogho

Mimi na Delphin Kahongya tumefundisha pamoja miaka kumi na minne, katika shule moja ya sekondari juu ya kilima, hapa Butembo, mashariki ya Kongo. Mimi hesabu, yeye jiografia. Likizo zikifika, sisi wengine tulikuwa tunashuka kwenye mashamba yetu ya maharagwe. Delphin alikuwa anakwenda kwenye migodi ya zamani, ile iliyoachwa na Wabelgiji, na nyundo yake, chupa ya maji, na magazeti makuukuu ya kufungia mawe. Alikuwa anarudi amechafuka mpaka kwenye nyusi. Mawe aliyapanga katika kabati la darasa lake: kasiteriti, wolframu, turmalini nyeusi, mika.

"Edmond," aliniambia siku moja, "batoto ba huku banamaliza masomo banajua jina ya kila jiwe, na hata moja hawajagusa. Na mawe ni ya kwao."

Halafu wachinjaji wakaanza kushambulia vijiji vya magharibi. Hapa kwetu ukisema wachinjaji, hakuna anayeuliza ni nani. Delphin akasukuma nyundo chini ya kitanda, na miaka mitatu hakuitoa. Hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Mkewe Rébecca alizaliwa upande wa Mabalako na alikimbia kutoka kule na kiatu kimoja mguuni. Nyumba yao ilikuwa nyumba ambamo mlango ukigongwa kwa nguvu, wote wananyamaza kwanza, ndipo mtu anauliza nani.

Mwaka jana, mwezi wa saba, njia ya magharibi ikatulia. Aliyeleta habari ni Jumaine, mwenye lori la Fuso, mtu wa Beni, aliyekuwa anapakia maharagwe katika soko la Kyambogho. Yeye na Delphin walijuana tangu walipokwama pamoja kwenye matope ya Kanyabayonga siku mbili nzima.

"Prof, nimepita mara ine," Jumaine alisema. "Njia iko muzuri. Kama uko na hamu ya ule mugodi ya Kyambogho, ni sasa. Tutatoka siku ya ine, saa kumi na moja na nusu ya asubuhi. Mi napakia, we unaokota mawe yako, saa nane tunarudi. Hatulale kule."

Mgodi wa Kyambogho ndio pekee ambao Delphin hakuwahi kuukanyaga. Alikubali papo hapo, na kuanzia siku ile hakupata usingizi. Kila asubuhi alinijia na woga mpya. Leo ni miamba inayoweza kumwangukia. Kesho ni askari wa bariere, vile vizuizi vya barabarani, watakaomwona na mfuko wa mawe na kusema anaiba madini ya taifa. Keshokutwa ni vijana wenye bunduki wanaodai simu. Na kila woga aliutafutia dawa. Kwa ajili ya bariere, aliomba barua ya mkuu wa shule, na muhuri juu yake. Kwa ajili ya miamba ya mgodi, alikwenda Beni kumtafuta Mama Débora.

Mama Débora anakaa kule Beni, mtaa wa Bungulu, katika kijumba nyuma ya duka la mwanawe. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuwa anaosha kasiteriti kwenye mto wa Kyambogho, pamoja na wanawake wengine wa kambi ya kampuni. Delphin alikaa kwenye kigoda chake na kuandika kila neno.

"Galeri ya kwanza, unaweza ingia," mama yule alimwambia, akihesabu mashimo ya mgodi kwa vidole. "Iko wazi kama kanisa. Ya pili, hapana. Ya tatu, hapana kabisa. Kaka yangu Éliakim iko mule ndani mpaka leo. Mulima ulimufunikaka, na banamuacha."

"Mama, jiwe linaangukaka bila sauti?"

"Inapiga sauti kidogo, kama mutu mwenye anavunja kuni. Ukisikia hivyo, kimbia. Usitafute nyundo yako."

Basi Delphin akachora ramani. Aliichora kwa uangalifu wa mtu anayefundisha kuchora ramani. Njia kutoka Butembo, mito, soko, mlima. Msalaba mwekundu kila mahali ambapo jiwe linaanguka: misalaba mitano kuzunguka mlima ule. Mraba mdogo kwa kila bariere, ili ajue wapi atoe barua yake. Na pembeni, kwa mwandiko wake mdogo unaolala upande wa kushoto, akaandika: Jumaine, Fuso, siku ya nne, 5 h 30, yaani Alhamisi alfajiri.

Siku ya pili, Jumanne, aliipeleka kunakiliwa kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko. Alitaka nakala mbili, moja ya mfukoni na moja ya Rébecca, ili kama asingerudi, mkewe ajue pa kuwatuma watu wamtafute. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Wakangoja. Uliporudi, mwenye kibanda akamkabidhi nakala zake mbili, Delphin akashukuru, akaenda zake. Ramani yenyewe ilibaki chini ya kifuniko cha mashine.

Aliyekuja kunakili baada yake hatumjui mpaka leo.

Siku ya tatu, Jumatano, kabla ya saa sita mchana, simu yangu ililia. Ilikuwa picha ya ramani kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na sauti ya mtu anayehema:

"Bandugu, mujichunge! Hii njo carte ya baadui, imeokotwa hapa mujini. Misalaba nyekundu ni fasi batashambulia. Ile miraba ni askari betu. Na jina ya mwenye kubapeleka iko hapo: Jumaine, na Fuso! Tuma hii ku kila mutu!"

Niliikuza ile picha kwa vidole viwili. Nilikuwa nimesoma mwandiko ule kwenye madaftari ya marki za wanafunzi kwa miaka kumi na minne. Wazo langu la kwanza, na ninaliandika hapa kwa sababu ni kweli, lilikuwa kuifuta picha ile na kuzima simu. Wazo la pili lilikuwa wanafunzi. Mamia yao wanaujua mwandiko ule.

Nilimkuta Delphin amekaa kando ya kitanda, mikono katikati ya magoti. Alikuwa ameiona tayari. Rébecca alikuwa uani, amechutama mbele ya mbabula, jiko la makaa, anachoma nakala zote mbili na kukoroga majivu kwa kijiko.

"Nani tena amejua?" Delphin aliniuliza.

"Sijue. Nyamaza tu," nilimwambia. "Kesho kutakuwa picha ingine. Watu batasahau."

"Na Jumaine?"

Jina lilikuwa pale, jina la Mwislamu, na sote tulijua maana yake. Wachinjaji wanajiita Waislamu, na wako watu hapa ambao hilo pekee linawatosha kumshuku kila jirani anayeswali. Jumaine alimpoteza ndugu yake mwaka ule wa mauaji makubwa ya Beni, na ndugu huyo alizikwa siku moja na jirani zake Wakatoliki. Lakini umati haukuulizi ulimzika nani.

Delphin akampigia. Simu iliita muda mrefu. Mwishoni aliyejibu ni Hadjara, mke wa Jumaine, kwa sauti ya chini.

"Prof, yeye iko ndani, amefunga mulango. Vijana beko ku parking, banavunja vioo ya Fuso. Banauliza Jumaine ni nani. Prof, we unajua hii carte imetoka wapi?"

Delphin aliishusha simu mpaka kwenye goti. Hadjara akangoja, halafu simu ikakatika.

Dakika chache baadaye Mama Débora akapiga. Alikuwa analia kwa hasira. "Dada yangu wa Kyambogho ananiita ku simu. Soko limefungwa, watu banatoka na magodoro ku kichwa. Banasema misalaba ya nyekundu. Delphin, haiko misalaba yangu ile?"

"Ni yenyewe, Mama."

"Éé Nyamuhanga," alisema yule mama, akimwita Mungu kwa Kinande, na akakata simu.

Nilirudia shauri langu. Nilisema mji uko chini ya wanajeshi, mtu anaweza kuingia katika bureau, ofisi yao, kwa miguu yake na asionekane tena. Nilisema kwamba kabla ya kufika hata bureau, mtaa utamchoma moto na tairi shingoni, halafu ndipo waulize habari za mawe. Nilisema mengi. Kila nilichosema kilikuwa kinaweza kutokea, na Delphin alitikisa kichwa kukubali kila neno.

Rébecca ndiye aliyeingia kutoka uani, kijiko chenye majivu bado mkononi. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na woga kumzidi.

"Bataua Jumaine," alisema. "Tukinyamaza, bataua Jumaine, na sisi tutakaa hapa tunakula. Vaa viatu."

"Rébecca, mi naogopa."

"Mimi pia naogopa. Vaa viatu."

Tulipitia shuleni kwanza. Delphin akafungua kabati, akajaza mfuko kwa mawe pamoja na vikaratasi vyake vyote, ili wauone mwandiko. Halafu wakashuka, yeye na mkewe, kwa njia ya nyuma ya soko, hatua kwa hatua kama watu wanaobeba maji. Mimi niliwasindikiza mpaka kona ya mwisho kabla ya bureau. Pale nikasimama. Waliendelea wawili.

Yaliyotokea ndani alinisimulia baadaye. Afisa aliyempokea alikuwa na picha ile ile kwenye simu yake. Alimwaga mawe juu ya meza, akayatazama, akauliza yanauzwa wapi.

"Hayauzwe, mukubwa. Ni ya kufundishia."

"Tika lokuta!" akafoka kwa Lingala, acha uongo. "Na hii miraba ni nini?"

"Ni bariere."

"Juu ya nini uandike bariere yetu ku karatasi?"

Delphin anasema alitafuta jibu la akili, akalikosa, akasema ukweli: "Juu naziogopa."

Askari mmoja aliyekuwa mlangoni alicheka. Afisa hakucheka. Rébecca aliambiwa arudi nyumbani. Delphin akafungiwa katika chumba pamoja na watu tisa. Mmoja wao alikuwa ameiona picha. Kwa siku nne Delphin hakumwambia mtu jina lake. Alisema ameshikwa kwa sababu ya karatasi, na wale tisa wakadhani ni karatasi za kitambulisho. Kila mlango ulipofunguliwa alihesabu miguu ya wanaoingia.

Aliyemtoa ni Mama Débora. Alipanda teksi kutoka Beni siku ya tano ya kifungo, na fimbo yake, akakataa kukaa kwenye benchi la wanaongoja. Alimweleza afisa mgodi wote, shimo kwa shimo, mahali reli ilipopita, mahali pa kuoshea, jina la mzungu aliyekuwa anapima. Alipofika kwenye msalaba wa tatu akaweka kidole juu ya picha ya simu na kusema, "Hapa ni kaburi ya kaka yangu. Haiko fasi ya kushambulia. Munataka nibatajie na jina la baba yake?" Siku ile ile walimpeleka kwenye redio moja ya mji, akasema yale yale kwa Kinande, halafu kwa Kiswahili. Delphin akasema baada yake kwamba ramani ni ya kwake, Jumaine ni rafiki yake, na kosa la kuiacha kwenye mashine ni lake peke yake.

Wengi waliamini. Wengine walisema amelipwa aseme hivyo. Jumaine akatoka nyumbani siku ya saba tangu picha ile. Vioo vya Fuso vilibadilishwa, lakini njia ya magharibi hakuipita tena. Sasa anakwenda Kasindi tu, mpakani. Alikuja kumwona Delphin mara moja. Walikunywa chai, wakazungumza juu ya mvua. Alipokuwa anasimama Jumaine alisema, "Hadjara anakusamehe. Mi bado kidogo," akampa mkono, akatoka. Delphin anasema mkono ule ulikuwa wa kweli.

Watu wa Kyambogho walirudi, karibu wote. Lakini katika kukimbia kule, mwanamke mmoja anayeitwa Eliane alijifungulia njiani kabla ya miezi kutimia, na mtoto hakuishi. Habari hiyo ilimfikia Delphin mwezi wa tisa, kwa mdomo wa Mama Débora, na kwa wiki mbili alifundisha akiwa amewapa wanafunzi mgongo.

Eliane alikuwa amehamia kwa shangazi yake, hapa Butembo. Mwishoni Delphin na Rébecca wakaenda kumwona, na mara hii nami nilikwenda mpaka ndani. Tulimkuta anachambua maharagwe. Delphin alisimama mlangoni na kusema yeye ni nani na amefanya nini. Alisema yote bila kujitetea, halafu akangoja.

Mwanamke yule aliinua macho kutoka kwenye maharagwe. Alikuwa kijana zaidi kuliko tulivyofikiri.

"Nilikimbiaka mara tatu mbele ya carte yako kuja," alisema. "Mara ya kwanza walikuwa wachinjaji wenyewe, kweli. Mara ya pili bunduki ya askari mulevi. Mara ya tatu sijue hata ilikuwa nini. Yako ni ya ine." Akaokota kijiwe katikati ya maharagwe, akakitupa nje. "Mutoto njo amekufa mu ya ine."

"Nisamehe, mama."

"Ikale," alimwambia, basi iache ibaki hapo. Halafu akamsogezea Rébecca ungo. "Mutaketi ao mutasimama? Hizi maharagwe iko mingi."

Tukaketi. Tulichambua mpaka ungo ukaisha. Pikipiki moja ilipita barabarani na kupiga mlio mkali, na sisi wanne tukainua vichwa kwa wakati mmoja, mikono imesimama, tunasikiliza kama kuna mlio mwingine unaofuata.